Si Kila Tumbo ni Minyoo: Majibu Kuhusu Moyo wa Mbwa

Kileo iko kwenye tambarare ya wilaya ya Mwanga, chini ya milima ya Upare. Mbwa huku hafugwi kwa mapambo. Analala nje akilinda mbuzi na kuku, asubuhi anafuatana na mwenye shamba hadi kwenye mfereji, jioni anarudi na watoto. Akianza kudhoofika, maelezo hayakosekani. Jirani ana lake, muuza dawa ana lake, shemeji aliyekuja likizo kutoka mjini naye ana lake. Mengi ya maelezo hayo si sahihi, na baadhi yanawaua mbwa ambao wangeishi miezi mingi, hata miaka, bila mateso. Nayajibu hapa yale ninayoyasikia mara kwa mara.

La kwanza ndilo linalozaa mengine yote: "Mbwa haugui moyo. Huo ni ugonjwa wa watu wenye mawazo."

Moyo wa mbwa una vyumba vinne na vali nne, sawa na wetu, na unachakaa kwa njia zake. Miaka ya 1950 na 1960, David Detweiler na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichunguza maelfu ya mbwa waliofikishwa kliniki wakakuta takriban mmoja katika kila kumi ana kasoro ya moyo. Inayoongoza ni kuchakaa kwa vali inayotenganisha vyumba viwili vya upande wa kushoto. Umri unavyosogea vali hiyo inakuwa nene na kukunjamana, haifungi sawasawa, na kila pigo la moyo linarudisha sehemu ya damu kule ilikotoka. Hali hii peke yake inakadiriwa kuwa robo tatu ya magonjwa yote ya moyo wa mbwa. Inayofuata ni misuli ya moyo kulegea na moyo kutanuka, na hiyo inawapata zaidi mbwa wa miili mikubwa.

Ukweli uliomo ndani ya dai hili ni mmoja tu. Ule mshtuko wa moyo unaomwangusha mtu wa makamo kwa sababu mafuta yameziba mishipa inayolisha moyo, kwa mbwa ni nadra sana. Moyo wake mara nyingi unavuja au unalegea, na kazi hiyo inachukua muda mrefu. Muda huo wote dalili zinaonekana kwa anayezitafuta, na hapo ndipo mwenye mbwa ana nafasi ya kusaidia.

"Hayo ni ya mbwa wa kizungu. Huyu wetu wa kienyeji ni chuma."

Ni kweli ziko mbegu zilizorithi udhaifu. Dobermann anajulikana kwa misuli ya moyo kulegea, Cavalier King Charles kwa vali, na baadhi ya German Shepherd huzaliwa na mshipa uliopaswa kujifunga baada ya kuzaliwa lakini ukabaki wazi. Mbwa wa kienyeji hana urithi uliokolea namna hiyo. Lakini tunamwona chuma hasa kwa sababu wengi hawafikii umri wa vali kuchakaa. Wanakufa mapema kwa kichaa cha mbwa, kwa magari ya barabara ya Moshi kwenda Dar es Salaam, kwa sumu iliyotegwa kwa ajili ya fisi. Anayevuka miaka minane ndiye wa kuangaliwa. Kisha kuna parvo, virusi vilivyoenea duniani kuanzia 1978 na visivyochagua kienyeji wala kizungu. Wengi wanavijua kwa kuhara damu. Vikimkuta mtoto tumboni mwa mama yake au katika wiki zake za mwanzo, vinaweza kushambulia misuli ya moyo: mmoja anakufa ghafla akiwa ananyonya, mwenzake anakua akionekana mzima, kisha moyo wenye makovu unamshinda baada ya miezi. Mwenye mbwa anabaki akisema kijicho.

"Anakohoa? Kakwamwa na mfupa. Kama si mfupa ni mafua, yatapita."

Mfupa hukwama ghafla. Mbwa aliyekuwa mzima saa moja iliyopita anakwaruza mdomo kwa miguu ya mbele, mate yanamtoka, anataka kumeza na hawezi. Kikohozi cha wiki tatu si mfupa.

Suala la mafua linahitaji uangalifu zaidi, maana hapa kwetu kuna ugonjwa wa kuambukiza unaoanza kama mafua na kuishia kaburini. Nauita distempa, kama wanavyouita madaktari wa mifugo. Ng'ambo ya milima yetu, ndani ya hifadhi ya Mkomazi, Tony Fitzjohn alianzisha miaka ya 1990 mradi wa kuzalisha mbwa mwitu ili warudishwe porini. Desemba 2000 distempa iliingia katika kundi hilo, na ndani ya miezi miwili ikaua mbwa mwitu 49 kati ya 52. Mtu wa Kileo hana sababu ya kuudharau ugonjwa uliofanya hivyo kwa majirani. Lakini distempa ina sura yake: homa, makamasi mazito puani, tongo machoni, kuhara, na baadaye misuli kurukaruka au degedege. Huwapata zaidi watoto na wale wasiochanjwa.

Kikohozi kinachohusiana na moyo kinakuja vingine. Mbwa ni mtu mzima, hana homa, pua yake ni safi. Anakohoa usiku au alfajiri, akilala au akiamka, na kila wiki anazidi kuchoka njiani. Akikohoa mwishoni anajikamua kana kwamba anataka kutapika, na mtu anaapa kwamba ni mfupa. Hata hivyo namsihi msomaji asihukumu kwa kikohozi peke yake. Mbwa wadogo wenye umri mkubwa wanakohoa sana kwa sababu ya koromeo lililolegea na njia za hewa zilizochakaa, moyo ukiwa unavumilia vizuri tu. Kipimo cha kuaminika zaidi ni pumzi.

Kipimo hicho ndicho kinachopotezwa na dai lifuatalo: "Anahema kwa sababu ya joto la huku chini. Mpeleke Usangi wiki moja atapona."

Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Anajipoza kwa kuhema, mdomo wazi na ulimi nje, kwa hiyo saa nane mchana mwezi wa Januari kuhema kwake hakukuambii lolote kuhusu moyo. Hapo mwenye dai amesema kweli. Kosa lake ni kuishia hapo. Mbwa mwenye afya akishapoa usiku na kulala usingizi, pumzi zake zinatulia. Ambaye mapafu yake yanaanza kujaa maji kwa sababu ya moyo, pumzi zake hazitulii hata usiku wa baridi ya Juni.

Fanya hivi. Subiri alale usingizi wenyewe, mdomo umefungwa. Akiwa anaota, miguu ikitikisika na macho yakichezacheza chini ya kope, acha kwanza, kwa sababu pumzi za ndotoni zinakwenda ovyo. Akitulia, kaa hatua mbili tatu mbali naye ukiwa na simu yenye saa, na utazame ubavu pale mbavu zinapoishia. Ubavu kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30 kisha zidisha mara mbili. Mbwa mzima aliyelala huwa chini ya 30 kwa dakika, na wengi huwa kati ya 15 na 25. Pima siku kadhaa ujue kiwango chake yeye mwenyewe, maana aliyezoea 16 akifika 28 siku mbili mfululizo ana habari ya kukupa ingawa bado yuko chini ya 30. Ikivuka 30 na ukarudia baada ya saa moja ikawa hivyohivyo, tafuta daktari. Ikivuka 40, tumbo likisukuma kila pumzi, shingo ameinyoosha, viwiko amevipanua na hataki kulala chini, usisubiri asubuhi. Inua mdomo wake pembeni uone ufizi: ukiwa wa kijivu au wa bluu, mapafu yameshajaa.

Kwetu Upareni kuna nyumba nyingi za Waislamu zinazofuga mbwa wa ulinzi na kujiepusha na mate yake. Kipimo hiki hakihitaji kumgusa. Mtoto wa darasa la tano anaweza kukifanya akiwa amekaa barazani, na huenda akakifanya kwa makini kuliko baba yake.

Nimefika kwenye lile la kichwa cha makala: "Tumbo limejaa, ni minyoo. Mpe dawa."

Kwa mbwa mdogo mwenye tumbo la mviringo, mara nyingi ni kweli, na dawa ya minyoo ni hatua ya busara. Safura nayo inanyonya damu kiasi kwamba ufizi unakuwa mweupe na moyo unapiga mbio. Magonjwa ya kupe yanafanya vivyo hivyo. Damu ikiwa nyepesi, daktari anaweza hata kusikia kelele moyoni, na kelele hizo zikatoweka damu ikirudi. Hapo moyo haukuwa na kosa. Kwa hiyo sibishani na mtu anayeanza na minyoo. Nabishana na anayetoa dawa ya minyoo mara ya pili, ya tatu, ya nne, huku tumbo likizidi kupanuka na mgongo ukibaki mifupa.

Mbwa mzima anayenenepa tumboni na kukonda mapajani ana maji tumboni hadi ithibitike vingine. Msimamishe kwa miguu minne. Weka kiganja bapa upande mmoja wa tumbo, na upande wa pili ugonge kwa ncha ya kidole. Kama kuna maji mengi utahisi wimbi likivuka na kugonga kiganja chako. Kisha lowesha manyoya ya shingo, uyalaze, utazame mshipa mkubwa unaopanda pembeni ya koo. Mbwa akiwa amesimama, mshipa huo haupaswi kuvimba hadi juu. Ukivimba na tumbo lina maji, upande wa kulia wa moyo umeshindwa kupokea damu inayorudi, nayo inarundikana kwenye ini na kuvujia tumboni. Tumbo likiwa na maji lakini mshipa wa shingo hauonekani, fikiria ini au upungufu wa protini kwanza.

Upande wa kulia wa moyo una adui mwingine, mnyoo wa moyo. Huyu haingii kwa chakula. Mbu anamwingiza akiwa mdogo sana, naye anachukua takriban miezi sita hadi saba kukomaa katika mishipa ya mapafu na moyo, akiwa mrefu na mwembamba mfano wa uzi. Kenya amekuwa akiripotiwa kwa miongo mingi. Dawa ya kawaida ya minyoo ya tumbo haimgusi mnyoo aliyekomaa huko. Penye mifereji na mbu wengi, mbwa mwenye tumbo la maji anastahili kupimwa damu kwa ajili yake.

Na kwa wanaopeleka mifugo upande wa Mkomazi, kuna mbung'o, anayeeneza nagana. Nagana tunaihesabu kuwa ya ng'ombe, lakini mbwa akiipata inamwendea vibaya na haraka. Uso unavimba, homa inapanda na kushuka, ufizi unapauka, na macho yanaingia ukungu wa bluu na nyeupe. Aina moja ya vijidudu vya nagana inapenya hadi ndani ya misuli ya moyo. Mbwa mwenye ukungu machoni, uchovu na pumzi za haraka, aliyekuwa akifuatana na ng'ombe porini, anahitaji tone la damu chini ya hadubini siku hiyohiyo. Bwana mifugo mwenye hadubini anaweza kulitazama mwenyewe, na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo Arusha. Dawa ya minyoo hapa inapoteza siku ambazo mbwa hana.

Limezaliwa dai jingine hapohapo tumboni, na hili linanikasirisha: "Ana maji tumboni, basi mnyime maji ya kunywa."

Usimnyime kamwe. Maji ya tumboni yametoka kwenye damu, na mishipa ya mbwa huyo tayari inapungukiwa. Akiwa ameanza vidonge vya kumkojoza, figo zake zinategemea kibakuli chake kisikauke. Kinachofaa kupunguzwa ni chumvi: dagaa wenye chumvi, samaki wakavu waliotiwa chumvi, mchuzi uliobaki mezani. Ugali wenyewe hauna kosa, ingawa ugali mtupu haumtoshi mbwa yeyote. Mwili wa mbwa unatengeneza taurini, ambayo misuli ya moyo inaihitaji, kutokana na protini anayokula, na samaki asiye na chumvi au mabaki ya nyama ya kuchemsha yanampa.

"Nimeshika kifua chake, moyo unarukaruka. Huyu ni wa moyo."

Hili linasemwa na watu makini, wanaojali mbwa wao, kwa hiyo nalijibu kwa heshima. Mbwa mzima akiwa ametulia, moyo wake kwa kawaida haupigi kwa mpangilio sawa. Akivuta pumzi unaongeza kasi, akitoa pumzi unapunguza. Mtu akiusikia kwa mara ya kwanza anadhani unaruka mapigo. Ni ishara njema. Moyo ukianza kushindwa, mwili unauchapa mbio na ule mchezo wa pumzi unapotea, kwa hiyo mapigo ya haraka yasiyobadilika wakati mbwa amelala yananipa wasiwasi kuliko yale ya kurukaruka taratibu. Mbwa mkubwa aliyetulia hupiga kama mara 60 hadi 100 kwa dakika, mdogo hufika hata 140, na watoto huzidi hapo.

Kuna kurukaruka kubaya pia. Huko hakufuati pumzi wala mpangilio wowote. Weka mkono mmoja kifuani upande wa kushoto, pale kiwiko kinapogusa mbavu, na vidole vya mkono wa pili ndani ya paja ambapo mshipa unadunda. Kila pigo la kifuani linatakiwa lifike pajani. Yanayopotea njiani yakiwa mengi, mara nyingi vyumba vya juu vya moyo vimeacha kusukuma na vinatetemeka tu. Na ikiwa chini ya vidole vya kifuani unahisi mtetemo kama wa paka anayekoroma, mara nyingi hiyo ni damu inayorudi kwa nguvu kupitia vali isiyofunga, na daktari akiipa alama kati ya moja na sita ataipa tano au sita.

"Kaanguka. Ni kifafa, au kalishwa sumu."

Hayo mawili yanawezekana, na la tatu ni kuzimia kwa sababu ya moyo; tofauti yake inaonekana kwa anayetazama badala ya kupiga kelele. Aliyezimia kwa sababu ya moyo mara nyingi alikuwa anakimbia, anabweka, anampokea bwana wake kwa furaha. Analegea, anaanguka ubavu, na kwa sekunde chache hadi chini ya dakika anainuka akitembea kama hakuna kilichotokea. Wa kifafa anakakamaa, anapiga miguu kama anaogelea, mate yanatoka, mara nyingi anajikojolea, na baada ya hapo anazubaa na kugonga vitu kwa muda. Wa sumu hapati nafuu. Anatetemeka mfululizo, anatapika, hali inazidi. Simu yako ina kamera: mrekodi. Daktari akiona sekunde 20 za tukio lenyewe anaelewa zaidi kuliko akisimuliwa nusu saa.

Kuhusu "kazeeka tu, mwache apumzike" sitakaa sana. Uzee haumfanyi mbwa apumue mara 45 usingizini. Aliyekuwa akipanda nawe hadi Kilomeni na sasa anakaa chini njia nzima, mhesabu usiku huohuo kabla hujamwita mvivu.

Dai linalowakatisha tamaa wengi ni hili: "Bila mashine kubwa huwezi kujua kitu. Mashine ziko mbali, basi yaishe."

Mwaka 1816, mjini Paris, daktari René Laennec alikunja karatasi kama bomba, akaiweka kifuani mwa mgonjwa na kusikia moyo vizuri kuliko kwa sikio tupu. Kifaa kilichozaliwa hapo bado kinatosha kuanzia kazi. Kwa mbwa wadogo na wa kati wenye vali iliyochakaa, daktari wa mifugo mwenye masikio mazoefu husikia kelele za kuvuja miaka kadhaa kabla mbwa hajaugua. Wataalamu wa Marekani waliweka mwaka 2009, na kurekebisha 2019, mpangilio wa hatua ambao daktari wako huenda akautaja. A ni mbwa wa mbegu yenye hatari, bado hana kitu. B ni mwenye kelele moyoni lakini bila dalili, akigawanywa kati ya ambaye moyo haujatanuka na ambaye umeshatanuka. C ni aliyewahi kujaa maji. D ni ambaye dawa za kawaida zimeanza kushindwa kumsaidia.

Mashine inahitajika kweli sehemu mbili: kutenganisha makundi mawili ya B, kazi ya eksirei au utrasaundi, na kujua kwa uhakika maji yako mapafuni au kifua kina ugonjwa mwingine. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ndiyo shule ya madaktari wetu wa mifugo na ni mahali pa kuuliza ikiwa una uwezo wa safari. Usiye na uwezo bado unabaki na kazi kubwa, na kazi hiyo haifanyiki Morogoro. Inafanyika nyumbani kwako kila usiku.

Nunua daftari dogo. Andika tarehe, pumzi za usingizini, kama amekula, kama amekohoa, dawa uliyompa na saa. Mara moja kwa wiki mpime uzito kwenye mizani ya mahindi, kwa sababu akiongezeka ghafla bila kula zaidi, ameongezeka maji. Afisa mifugo akija, usimwambie "hajisikii vizuri". Mpe daftari. Ataona pumzi zilitoka 20 zikaenda 26, zikaenda 34 tangu wiki ambayo vidonge viliisha, na atajua la kufanya.

Kisha kuna sanduku la dawa la nyumbani. "Bibi ana vidonge vya presha na vya kutoa maji, mpe nusu. Au mchome ivamektini ya ng'ombe."

Vidonge vya kutoa maji, furosemidi, ni vilevile vinavyotumika kwa mbwa, na hapo ndipo mtego ulipo. Kipimo kinategemea uzito na hali. Kikizidi, mbwa anakauka, potasiamu inashuka, figo zinakufa. Kikitolewa kwa mbwa ambaye tumbo lake lina shida ya ini, au anayekohoa kwa distempa, kinamdhoofisha bila faida. Vidonge vingine vya presha vya bibi vinaweza kumwangusha kabisa. Diklofenaki, ambayo iko karibu kila nyumba, kwa mbwa ni hatari hata peke yake, inatoboa tumbo na kuharibu figo. Ikichanganywa na dawa ya kukojoza ni mbaya zaidi.

Kuhusu ivamektini, fanya hesabu. Kiasi kinachotumika kwa mwezi kumkinga mbwa dhidi ya mnyoo wa moyo ni mikrogramu 6 kwa kila kilo. Mbwa wa kilo 15 anahitaji mikrogramu 90. Chupa ya ng'ombe ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita, kwa hiyo mbwa huyo angehitaji chini ya sehemu moja ya mia ya mililita. Hakuna bomba la sindano la mifugo linaloweza kupima hivyo. Anayechoma "kidogo tu" amechoma mara nyingi zaidi ya kipimo, na kama mbwa tayari ana vimelea vya mnyoo huo katika damu, kuviua kwa wingi mara moja kunaweza kumtia mshtuko. Baadhi ya mbwa wa mbegu ya Collie na chotara wao hawaivumilii kabisa, inaingia ubongoni. Tanzania ina Sheria ya Veterinari ya 2003 na Baraza la Veterinari linalosajili wanaoruhusiwa kutibu. Una haki ya kumuuliza anayeshika sindano kama amesajiliwa, na ukiuliza kwa adabu hakuna atakayekulaumu.

Mwisho kabisa: "Akianza dawa za moyo ni za kudumu, na atakufa tu. Bora apigwe leo."

Za kudumu, ndiyo. Lakini tazama zinanunua nini. Mwaka 2008 utafiti uitwao QUEST ulilinganisha dawa mbili kwa mbwa 260 ambao vali iliyochakaa ilikuwa imewajaza maji. Waliopewa pimobendani pamoja na matibabu mengine walikaa kwa wastani wa kati siku 267 kabla ya kufa, kulazwa kwa sindano au dawa kushindwa, dhidi ya siku 140 kwa wenzao. Mwaka 2016 utafiti mwingine, EPIC, uliwafuatilia mbwa 360 wenye moyo uliotanuka lakini bila dalili. Dawa hiyohiyo iliwasogezea siku ya kuugua kwa takriban miezi 15. Hutaikuta kila duka, na si kila kaya itaimudu. Anayemudu furosemidi peke yake, kwa kipimo cha daktari na daftari la pumzi, bado anampa mbwa wake miezi ya kulala vizuri na kubweka langoni.

Siku ya kumwacha nayo inakuja, na naiheshimu. Ikiwa pumzi zimebaki juu ya 40 usiku baada ya usiku huku dawa ikitolewa kwa saa zake na daktari ameshaongeza kipimo, mbwa hali tena, na anasinzia akiwa amekaa kwa sababu akilala chini anakosa hewa, usiite kijana mwenye rungu. Mwite daktari wa mifugo aje na sindano ya kumlaza, na wewe uwepo.